Kutembezwa kwa kima punju wa Jozani: tathmini ya huduma

Huduma ya kutembezwa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ni miongoni mwa huduma chache za kitalii kisiwani Unguja ambazo naweza kumshauri Mzanzibari mwenzangu azilipie bila ya wasiwasi. Nasema Mzanzibari kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu tumeuacha msitu ule uwe wa wageni. Tunaupita tukielekea Makunduchi, Jambiani au Paje, tunawaona kima wakiruka kutoka mti hadi mti kando ya barabara, kisha tunaendelea na shughuli zetu. Tathmini hii inahusu huduma nzima kama inavyomfikia mteja: wakala wa mjini anayeiuza, dereva anayekupeleka, na muongozaji anayekupokea langoni na kukuingiza msituni. Nimeipima kwa kigezo kimoja, nacho ni kama huduma hiyo inamwacha mnyama wa mwitu abaki wa mwitu. Kigezo hiki kinaweza kuonekana kikali kwa safari ya mapumziko, lakini biashara haramu ya kima, tumbili na sokwe hulishwa na tamaa ile ile ya kumsogelea mnyama, kumshika na kuwa naye, na pahala pa kutalii panaweza kuikuza tamaa hiyo au kuizuia.

Msitu upo takriban kilomita 35 kusini mashariki ya Mji wa Zanzibar. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, na ndani yake mna msitu mkubwa unaoota penye maji ya ardhini, vichaka vya maweni na mikoko ya ghuba. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza msitu huu na ghuba yake katika mtandao wa hifadhi zake chini ya programu ya Binadamu na Viumbehai. Gari za abiria zinazokwenda Makunduchi na Jambiani hupita mbele ya lango, kwa hiyo familia ya mjini haina haja ya kukodi gari. Na kiingilio cha wenyeji ni kidogo kuliko cha wageni wa nje.

Matembezi ya kawaida yana sehemu tatu: njia ya ndani ya msitu mkubwa, upande wa mashamba ambako makundi ya kima punju waliozoea watu huonekana kwa urahisi, na daraja la mbao linalopita katika mikoko ya kijiji cha Pete, ambalo mapato yake huwafikia wanakijiji. Njia ya msituni inapendeza kwa kivuli chake, mitondoo yake na michikichi yake, na muongozaji wetu aliijua miti kwa majina na kwa matumizi yake ya dawa. Daraja la mikoko ni zuri zaidi maji yanapojaa, hivyo ni vyema kuuliza saa za maji kabla ya kuondoka nyumbani. Kilichonipeleka mimi ni kima punju, na huduma hii ilionesha thamani yake hasa tulipofika kwao.

Kima punju wa asili yuko Unguja na visiwa vilivyo karibu nayo, kama vile Uzi, na hapatikani katika nchi nyengine yoyote duniani. Jina lake la kisayansi, Piliocolobus kirkii, linamkumbuka John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19. Mgongo wake ni mwekundu, mabega na mikono ni meusi, tumbo ni jeupe, na uso wake mweusi umezungukwa na nywele nyeupe zinazosimama kichwani. Muongozaji alituonesha jambo ambalo wapitaji wa barabarani hawalioni: mnyama huyu hana kidole gumba cha kushikia, bali hulipata tawi kwa vidole vinne vilivyopinda, na kwa mkono huo huo huruka umbali ambao mtu hangeudhania. Alituelezea pia tumbo lake, lililogawika vyumba na kujaa vijidudu vinavyoyachachua majani kabla hayajasagika. Chakula chake ni majani machanga, vikonyo, maua na matunda mabichi. Wale wanaoishi karibu na mashamba hula pia majani ya miembe na mikungu, ambayo yana kemikali nzito, na watafiti wameandika tangu miaka ya 1990 kwamba kima hawa huokota makaa kwenye matanuri na majikoni wakayala ili kuzipunguza nguvu kemikali hizo. Nilimsikiliza muongozaji akiyaeleza haya kwa utulivu na kwa mpangilio, kwa Kiswahili fasaha kwetu sisi na kisha kwa lugha ya wageni waliokuwa nasi, bila ya kufupisha upande wowote.

Katika kundi letu alikuwamo mgeni aliyetoa ndizi mbivu mkobani akamnyooshea mtoto wa kima aliyekuwa tawi la chini. Muongozaji aliingia kati mara moja, kwa adabu lakini bila ya kusitasita: "Samahani sana dada yangu, huyu hapewi chakula wala hashikwi. Ukitaka akae karibu nawe, nyamaza tu, atakaa mwenyewe." Mgeni alisema kwamba kwenye intaneti amewaona watu wakiwa na kima mabegani hapa hapa Zanzibar. Muongozaji alimjibu kwamba amewaona kweli, na kwamba watu hao ama walivunja kanuni ama walipiga picha na mnyama aliyekwisha kuibiwa msituni, kisha akamrudisha hatua kadhaa nyuma. Katika kazi yote aliyotufanyia siku ile, hilo la kukataa ndilo lililonithibitishia kwamba pesa yangu imekwenda pahala pake. Muongozaji wa aina hii hujiweka katika hatari ya kukosa bahashishi, na hata hivyo hukataa. Wateja tunapaswa kumlipa zaidi kwa sababu hiyo.

Sababu za kukataa ni za kweli na zinafaa zielezwe kwa kirefu. Tumbo lililoumbwa kuchachua majani haliwezi kustahimili sukari nyingi ya tunda lililoiva, na mnyama anaweza kuugua vibaya kwa kile ambacho mtoaji anakiona kuwa ni hisani. Mafua yetu yanaweza kumpata, na maradhi yake yanaweza kutupata sisi. Wanasayansi wamethibitisha kwamba virusi vya Ukimwi vilivyoenea duniani chanzo chake ni virusi vya sokwe wa Kameruni, na njia inayoaminika zaidi ni damu ya mnyama aliyewindwa na kuchinjwa. Tena kima aliyezoea kupewa chakula mkononi huwa hamwogopi binadamu yeyote, na hawezi kumtofautisha mtalii na msasi, yaani muwindaji. Miongozo ya upigaji picha iliyotolewa mwaka 2021 na wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili inashauri masafa ya mita saba baina ya mtu na mnyama katika picha, na inataka picha za watu wakiwa wamewakumbatia kima na sokwe zisisambazwe, kwa kuwa anayeziona huamini kwamba mnyama huyo hayuko hatarini na kwamba anafaa kufugwa. Utafiti uliofanywa kuhusu picha za sokwe umeonesha hivyo hivyo: mtazamaji anayemuona sokwe amesimama karibu na binadamu huwa mwepesi zaidi wa kufikiri kwamba sokwe wako wengi porini na kwamba anaweza kumweka nyumbani.

Kima punju hata kufugwa hakuwezekani. Jamii nzima ya kima wekundu wa Afrika, ambamo yumo kima punju, imeshindikana kuwekwa katika mabustani ya wanyama, kwa sababu ya chakula chao na kwa sababu ya udhaifu wao wanapotengwa na kundi. Maana yake ni kwamba hakuna akiba popote. Kima huyu akimalizika Unguja, hakuna nchi wala bustani ambako tutakwenda kuomba jozi ya kuanzia upya. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na hupita takriban miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena, kwa hiyo kundi lililopoteza majike wawili kwa mtego halirudi kuwa kundi lile lile kwa muda mrefu sana.

Ninashauri kila mgeni amuulize muongozaji kuhusu hali ya kima nje ya lango, kwa kuwa anayewaona wanyama watulivu pale mashambani anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba mambo yote ni shwari. Hesabu kamili ya kwanza ya kima punju, iliyofanywa na shirika la uhifadhi wa wanyamapori la Wildlife Conservation Society na matokeo yake kutangazwa karibu na mwaka 2018, ilipata kima 5,862. Idadi hiyo ilizidi mara tatu makisio ya zamani, na ilitufurahisha sote. Lakini hesabu ile ile ilionesha kwamba kiasi cha asilimia 69 ya kima hao walikuwa ndani ya maeneo ya hifadhi na waliobaki walikuwa nje, kwamba makundi ya nje yalikuwa madogo na yenye majike wachache, kwamba kuna misitu minne ambamo kima hawa walikuwa wamekwisha kutoweka, na kwamba watoto wengi hawafiki utu uzima. Sababu kuu ni kukatwa kwa misitu. Sababu inayofuata, na ambayo hatupendi kuitaja hadharani, ni uwindaji.

Usasi Unguja ni jambo la zamani. Wasasi hutoka kwa vikundi, na mbwa na nyavu, na kazi yao iliyokubalika ni kuwaondoa wanyama waharibifu katika makonde, hasa nguruwe mwitu. Sina ugomvi na mkulima anayelinda muhogo wake. Tatizo ni kwamba mbwa akishaingia kichakani hachagui, na tanzi lililotegwa kwa ajili ya paa humnasa yeyote anayeshuka chini, awe kima, awe komba, awe paa nunga ambaye naye yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini. Nyama ya kima si chakula cha Waislamu walio wengi wa visiwa hivi, na kwa muda mrefu jambo hilo limekuwa ngao kubwa kwa wanyama hawa kuliko sheria yoyote. Ngao hiyo sasa ina matundu. Wapo wanaokula na wapo wanaonunua, na si haki kuwatupia lawama watu wa bara peke yao kama tunavyosikia barazani, kwa sababu anayelijua kundi linapolala, anayetega na anayeuza mara nyingi ni mwenyeji wa kijiji hicho hicho. Wapo pia wanaomuua kima kwa hasira tu, kwa kuwa amekula nazi changa.

Hili la nazi linastahili kuzungumzwa zaidi, kwa sababu ndilo linalompa msasi kibali mbele ya jirani zake. Watafiti Thomas Struhsaker na Kirstin Siex walilichunguza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mashamba yaliyo karibu na Jozani. Walihesabu vidaka, yaani nazi changa, vinavyoliwa na kima punju na wakalinganisha na mavuno ya mwisho. Walichokikuta ni kwamba mavuno hayakupungua kutokana na kima. Mnazi hudondosha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake, na kula kwa kima kulifanana na kupogoa. Muongozaji wetu aliujua utafiti huo, jambo lililonishangaza kwa furaha, na akatueleza pia kwamba sehemu ya mapato ya utalii hurudi vijijini na kwa wakulima wenye mashamba yanayotembelewa na kima. Mkulima wa Pete ambaye mti wake umejaa kima huku wageni wakiwa chini yake ana sababu ya kuwalinda. Mkulima wa kijiji cha mbali, ambako hakuna mgeni anayefika wala fedha inayorudi, hana sababu hiyo. Pengo baina ya wakulima hawa wawili ndilo eneo ambalo mtego hutegwa, na huduma yoyote ya utalii wa kima ingefaa itafute njia ya kulifikia.

Tunao mfano wetu wenyewe wa namna uwindaji unavyoweza kumaliza mnyama kisiwani. Chui wa Unguja alihusishwa na uchawi, akawindwa kwa muda mrefu, na baada ya Mapinduzi kampeni ya kumuangamiza iliungwa mkono na wakuu. Kufikia miaka ya 1990 watafiti waliona kwamba hakuna tena matumaini ya kumhifadhi. Mabaki yake yaliyojazwa majani yamewekwa katika jumba la makumbusho. Kizazi cha wazee waliomsikia chui akilia bado kipo, kwa hiyo anayedhani kwamba kima punju hawezi kumalizika kwa sababu yuko mwingi barabarani azungumze nao.

Nje ya visiwa hali ni mbaya zaidi, na aliyelipia ziara ya kima punju ana haki ya kuijua, kwani mkono unaovuta ni mmoja. Kima mwekundu wa Miss Waldron, ndugu wa karibu wa kima punju aliyeishi katika misitu ya Ghana na Kodivaa, hajaonwa hai kwa uhakika na mwanasayansi tangu mwaka 1978, na sababu kubwa iliyotajwa ni uwindaji wa nyama. Ripoti iliyotolewa mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba tangu mwaka 2005 hadi 2011 sokwe na jamaa zao wakubwa wasiopungua 22,218 wa Afrika na Asia walitoweka porini kwa ajili ya biashara hii, ama kwa kuuzwa, ama kwa kuuawa wakati wa kukamatwa, ama kwa kufia kifungoni. Mtoto hapatikani bila ya mama yake kuuawa, kwa kuwa mama hamwachii. Na kundi linapomtetea, wengine nao huuawa. Tanzania Bara nayo haikusalimika: Machi 2016 tumbili 61 walikamatwa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro wakitaka kupelekwa Albania, na mwaka huo huo serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Mkataba wa CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambao Tanzania ni mwanachama wake, umemweka kima punju katika Kiambatisho cha Kwanza, maana yake hauzwi kimataifa kwa biashara ya aina yoyote. Hapa Zanzibar yupo pia chini ya ulinzi wa Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa maliasili za misitu.

Nayaeleza yote haya ndani ya tathmini ya huduma kwa sababu ya nilichokikuta kwa muuzaji wa huduma yenyewe. Wakala niliyemtumia mjini, ambaye simtaji, alikuwa na picha kubwa ukutani ya kijana wa kigeni amemuweka mtoto wa kima kifuani, na chini yake maneno ya kukaribisha watu waje "kucheza na kima". Nilipomwambia kwamba jambo hilo haliruhusiwi msituni, alinijibu, "Ustadhi, wageni wanapenda hivyo, wakifika huko wataambiwa na wenyewe." Haya ni makosa makubwa ya kibiashara na ya kimaadili kwa pamoja. Mgeni aliyeahidiwa kumshika mnyama hufika langoni akidai haki yake, humsumbua muongozaji, na akikataliwa huondoka na manung'uniko; akimpata mwengine wa kumtimizia ahadi hiyo kwa pesa, atakwenda kwake. Na wa kumtimizia yupo. Katika mkahawa mmoja wa pwani ya mashariki tuliosimama kula mchana, palikuwa na kima mchanga amefungwa kamba kiunoni chini ya mwavuli wa makuti, na mhudumu akaja mezani kwetu kutueleza bei ya kupiga naye picha. Chakula cha pale kilikuwa kizuri. Sitakula pale tena, na nilimweleza mwenye mkahawa sababu kabla ya kuondoka.

Ukimtazama mnyama kama yule kwa makini utaona kwamba hana utulivu, bali amechoka. Hukaa amejikunyata, hutikisa mwili mbele na nyuma, na hushtuka kila sahani inapogongana. Mama yake yuko wapi ni swali ambalo kila anayelipia picha anapaswa kujiuliza. Watoto wa wageni waliokuwa meza ya pili walifurahi sana, na siwalaumu, maana hakuna aliyewaambia. Lakini fedha iliyotoka mfukoni mwa baba yao ilikuwa malipo ya mtego uliopita na arubuni ya mtego unaofuata.

Dereva tuliyepewa na wakala huyo naye alikuwa na kasoro yake. Barabara inaukata msitu, na matuta yaliwekwa pale kwa ajili ya kima. Watafiti walioifuatilia barabara ile wameandika kwamba kabla ya matuta kima mmoja aligongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwamba baada ya matuta imekuwa mmoja kwa kila wiki sita hivi. Nafuu ipo, lakini kifo kimoja kila wiki sita ni kingi kwa mnyama anayezaa kwa nadra. Dereva wetu alikwenda mwendo wa kasi baina ya tuta na tuta kana kwamba tuta ni kwa ajili ya tairi zake tu. Anayekodi gari na atoe sharti la mwendo mapema, kabla ya kufika msituni.

Kwa wasomaji wa Pemba, au wanaokwenda Pemba, huduma ya kutembezwa msitu wa Ngezi inafaa kwa moyo huo huo, ingawa anayeitafuta asitarajie kuona kima punju. Wachache walihamishwa kutoka Unguja kupelekwa Ngezi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini hawakuongezeka kama ilivyotarajiwa, na huo ni ushahidi mwengine kwamba mnyama huyu haondolewi kwao akastawi popote. Mwenyeji wa Pemba ni tumbili, ambaye huchukiwa na wakulima na hana wa kumtetea, pamoja na komba wanaotoka usiku. Matembezi ya usiku ya kusikiliza komba ni mazuri sana na hayamsumbui mnyama, ilimradi muongozaji asimulike macho yake kwa tochi kali kwa muda mrefu.

Ombi langu kwa wote wanaopanga huduma za misitu katika visiwa hivi ni kwamba habari za mitego, nyama na biashara ya watoto wa kima ziingizwe katika maelezo ya kawaida ya kila matembezi, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, na zisingojee mtu wa kuuliza. Wapo wanaohofia kwamba habari hizo zitawaharibia wageni siku yao. Sikuona hivyo. Wageni waliokuwa nasi, baada ya kuelezwa kwa nini hawashiki, walikaa kimya chini ya mti kwa muda mrefu kuliko walivyotaka wenyewe mwanzo, na yule wa ndizi ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi. Ningependa pia skuli zetu zipeleke watoto, na hasa watoto wa vijiji vya mbali na lango, ambao kima wanamjua kama adui wa konde tu.

Muongozaji na matembezi ya Jozani nayapa alama za juu kabisa. Wakala simpi alama yoyote mpaka aishushe picha ile. Anayekwenda na aende asubuhi mapema au alasiri, wakati kima wanapokula na jua halijakuwa kali. Avae viatu vilivyofunika miguu, asichukue chakula mkononi, na akiwa na mafua aahirishe siku. Kabla ya kumlipa wakala yeyote amuulize mambo mawili: je, katika safari hii tutaruhusiwa kumshika au kumlisha mnyama, na je, tutasimama pahala penye mnyama aliyefungwa? Akijibiwa ndiyo katika lolote kati ya hayo, atafute wakala mwengine, maana wapo wengi na baadhi yao ni waaminifu.

Na akimkuta kima, tumbili au komba amefungwa kamba hotelini, ufukweni au nyumbani kwa mtu, asimnunue kwa huruma ili amwachie huru. Aliyemuuza atamhesabu kuwa ni mteja kama wateja wengine, na wiki inayofuata atarudi msituni kumtafuta mwengine. Aandike pahala, siku na saa, apige picha ya mnyama peke yake kwa mbali bila ya kulipa chochote, kisha apeleke taarifa kwa sheha wa shehia hiyo na katika ofisi ya misitu ya Unguja au ya Pemba, au aiache pale pale langoni Jozani kwa waongozaji.